AFYA MU JAMAA: Kujifukiza mu nyumba, moto ubaki inje



Baridi imeingia. Asubuhi watoto wanaenda ku masomo na mikono mufukoni, na mangaribi kila lupango inawasha mbabula yake. Mu miezi kama hii barua zenye kutufikia ni za kikohozi, za mafua na za maumivu ya mugongo. Moja imenikamata kuliko zingine.

Imetoka kwa kijana mmoja wa Kolwezi. Anasema yaya yake amenunua sokoni kitu chenye kuitwa "sauna ya kubeba". Ni kahema ka nailoni kenye kukunjwa sawa mwamvuli, pamoja na kiti kidogo na nyungu ya umeme yenye kutosha mvuke kupitia mupira murefu. Mutu anaingia, anakaa, anafunga zipu, kichwa tu njo kinabaki inje. Waliifungua mu chumba cha kulala. Nkambo wao alikuja, akaizunguka mara mbili, akacheka: "Mulilipa makuta yote hii? Lakini hii njo bulangeti yangu!"

Kijana anauliza mambo matatu. La kwanza, namna gani kuiweka na kuitunza bila kuchoma nyumba ao kuchomeka mwenyewe. La pili, kama ni kweli kwamba mvuke inaondoa vumbi ya mine mu kifua, kwa sababu baba yake, aliyefanya miaka mingi ku mashini ya kuponda majiwe, anakohoa tangu mvua zilizopita na sasa anaingia mu hema ile kila mangaribi. La tatu, kama wanaweza kulipisha majirani.

Ndugu yangu, nkambo alisema kweli. Mu jamaa zetu kujifukiza si kitu cha leo. Unachemsha majani ya mukaliptusi, ya mupera, ya muembe ao ya limau, unakaa juu ya kibao, unafunikwa bulangeti, na kisha dakika chache jasho linatiririka mupaka ku visigino. Mimi mwenyewe ninapenda. Kama nimeshinda nimesimama siku mzima, mugongo unalegea, pua inafunguka, na ile usiku ninalala sawa mutoto. Sitaandika hapa kwamba ni mambo ya washenzi, kama walimu wetu wa zamani walivyosema. Lakini nitaeleza mbele namna mimi nilivyokosea, kwa sababu nilikuwa nimesoma na nilipaswa kujua.

Ilikuwa mwaka 1994, Likasi. Nilikuwa ningali ninajifunza kazi ya uganga. Mutoto wa dada yangu mudogo, wa miaka minne, alikuwa na homa tangu jana yake. Nkambo wetu akasema: "Tumufukize, homa itatoka." Nilikubali. Inje kulikuwa baridi kali na upepo, na maji yalikuwa yanapoa mbio. Mimi njo nilibeba mbabula yenye makala mekundu, nikaiingiza mu nyumba, nikaiweka chini ya bulangeti pamoja na nyungu juu yake. Nilijiona mwenye akili: mvuke haitakwisha.

Nkambo aliketi na mutoto mapajani, bulangeti juu yao wawili. Mutoto alivumilia kidogo, kisha akaanza kulia na kurusha miguu. Nkambo akaniambia kwa sauti: "Shikilia bulangeti muzuri, mvuke isitoroke!" Nilishikilia. Ndipo nyungu ikapinduka. Maji yalimwangukia mutoto ku muguu wa kuume, kutoka ku goti mupaka ku vidole. Na wakati nilipofunua bulangeti, nkambo hakuweza kusimama. Kichwa kilikuwa kinamuzunguka, akatapika. Ule haukuwa mushituko. Ulikuwa moshi wa makala.

Jirani mmoja alileta mayai, mwingine dawa ya meno. Nilivipaka vyote viwili, kwa aibu ninaandika hivi. Ku lopitali walifanya kazi kubwa ya kuvipangusa mbele ya kuona kidonda. Halafu munganga akauliza tangu lini mutoto ana homa, akapima damu: malaria. Siku mbili tulikuwa tunazungukazunguka na majani, na ugonjwa wenyewe ulikuwa unaendelea. Mutoto alipona, asante. Leo ni mwanaume mwenye watoto, lakini kila mara akivaa viatu bila soksi ninaona ule muguu.

Kwa hiyo, mu ile siku moja nilijifunza mambo matatu: kuungua kwa maji, sumu ya makala, na kupoteza wakati wa mugonjwa. Yote yanatoka ku jambo moja, kuamini kwamba mvuke ni dawa kubwa, mupaka mutu anasahau moto. Tuanze na moto.

Makala yenye kuwaka yanatoa hewa moja isiyo na harufu wala rangi, inaitwa monoksidi ya kaboni. Inashika damu ku pahali pa hewa safi, na mutu anasinzia bila kujua kama anakufa. Kila mwaka wakati wa baridi tunasikia habari ya watu waliolala na mbabula mu chumba chenye kufungwa na hawakuamka. Sasa, chumba kina madirisha na nafasi chini ya mulango. Bulangeti haina. Chini ya bulangeti ile hewa inajaa mbio zaidi, na mutu mwenyewe anapumua kwa nguvu juu ya joto. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kutapika: watu wanasema "mvuke inafanya kazi". Hapana. Mutoshe mutu inje mbio, ku hewa safi, na kama hajirudii, mupelekeni ku lopitali.

Watu wa Finland, mu Ulaya ya kaskazini, njo walioupa ulimwengu jina hili la sauna. Ni inchi ya watu kama milioni tano na nusu, na inahesabiwa sauna karibu milioni tatu. Mwaka 2020 UNESCO iliandika desturi yao mu liste ya urizi wa mataifa. Zamani sauna yao haikuwa na bomba la moshi. Waliwasha kuni chini ya majiwe masaa mengi, nyumba yote ikajaa moshi. Lakini angalia: hakuna mutu aliyeingia wakati ule. Waliacha moto ukufe kabisa, wakafungua moshi utoke, ndipo jamaa ikaingia kuketi na kumwagia majiwe maji. Watu wale walijua, mbele ya kuwa na mashini yoyote ya kupima hewa, kwamba moto na mutu hawalale mu nyumba moja yenye kufungwa. Kanuni yao inatutosha sisi pia: moto ufanye kazi yake mbele, mutu aingie kisha.

Sasa namna ya kupanga. Nitaanza na ile ya nkambo, juu ya wengi wetu hawana makuta ya hema ya sokoni, na mara nyingi umeme haupatikani.

Chagua pahali penye sakafu sawasawa, si mu njia ya watoto kupita. Tengeneza kiunzi cha mianzi ao cha vyuma vyembamba vya kujengea: miguu mine, urefu wa mutu aliyeketi, juu imefungwa pamoja. Kwa kufunga, kamba za mupira wa ndani wa kinga ni nzuri kuliko misumari, juu unaweza kufungua na kuweka kila kitu nyuma ya kabati. Ndani weka kibao kizito chenye migongo, si kiti cha plastiki chenye kuyumba. Mufuniko uwe bulangeti ya pamba ao mashuka mawili mazito. Bashi ya plastiki hapana: hewa haipiti, na matone ya moto yanaanguka ku mabega. Na ile hema ya dukani inatufundisha neno moja zuri: kichwa kikae inje. Funga bulangeti ku shingo. Mwili unatoka jasho vilevile, na mutu anapumua hewa ya baridi, anaweza kusema "basi, inatosha".

Nyungu inachemka inje, ku mbabula, na mbabula inabaki kule kule inje. Usiijaze. Mu nyungu ya litre tano, tia maji litre mbili na nusu, majani juu yake, mufuniko. Mbele ya kuileta, panga matofali mane chini kwa duara, nyungu ikae katikati sawa yai mu kiota, isiweze kupinduka. Juu ya matofali weka kameza kadogo ka mbao, mbao zenye kuachana, ili muguu ukirushwa ukute mbao na si maji. Mukubwa mmoja abebe nyungu, kwa vitambaa vikavu, watoto wakiwa mu chumba kingine. Mutu anaingia kisha nyungu kukaa, na mufuniko unafunguliwa kidogo kidogo kwa kijiti kirefu. Kila mara mvuke ikipungua, usongeze kijiti kidogo. Inatosha dakika kumi na zaidi. Ikipoa, imepoa. Usirudishe makala ndani kama nilivyofanya mimi.

Mu mijini yetu ya juu, Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari na Kolwezi inapita metre 1.400, maji yanachemka mbele ya kufika digri 100. Ku Lubumbashi ni karibu 96. Wengine wanafikiri kwa hiyo hayaunguzi sana. Maji ya digri 60 tu yanaharibu ngozi ya mutu mukubwa kwa sekunde kama tano. Ya 96, kufumba na kufumbua. Na ngozi ya mutoto ni nyembamba zaidi.

Kama mutu ameungua, toa nguo na vikuku mbio, lakini nguo yenye kushikamana na ngozi iache. Mwagia maji ya baridi yenye kutiririka dakika makumi mawili, ndiyo, makumi mawili, hata kama mutoto analia. Kisha mufunike sehemu zingine asisikie baridi. Juu ya kidonda weka kitambaa safi, nenda kituo cha afya. Mayai, dawa ya meno, majivu, mafuta ya mawese: hapana, hapana, hapana na hapana.

Tuje ku hema ya yaya yako. Nyungu zile za umeme kwa kawaida zinakula wati kati ya 800 na 1.000. Ku volti 220 inakuwa karibu ampere nne na nusu. Waya mwembamba wenye kulisha radio na ampule utapata moto, plastiki yake italainika, na nyumba nyingi zilianza kuungua kwa njia hiyo. Chomeka moja kwa moja mu prize ya ukuta iliyo nzima, yenye waya wa kwenda mu udongo. Kama nyumba yenu haina waya ule, mwite mufundi mbele. Kama hawezi kuja, rudi ku matofali ya nkambo. Mvuke, jasho, miguu uchi ku sakafu yenye maji, na umeme: sipendi hata kuviandika mu musitari moja.

Nyungu ikae inje ya hema, metre moja, chini, ku kitu kigumu. Jaza maji mupaka ku alama, funga mufuniko, ndipo chomeka, na mikono mikavu. Mudomo wa mupira ndani ya hema usielekee miguu. Kutoka pale mvuke iko kali sana. Weka kibao mbele yake, ao kitambaa kikavu kwa kuukinga. Usifungue mufuniko wakati inachemka. Usitie majani ndani ya nyungu ile: majani yanaziba mupira, mvuke inakosa njia, na kifuniko kinaruka. Kama unapenda harufu, tia majani mu kafuko ka kitambaa karibu na mudomo wa mupira. Umeme ukikatika, toa prize mara moja, usingoje. Unaporudi unakuja mara nyingine kwa nguvu yenye kuharibu. Na mutu aliye ndani asiwe peke yake mu nyumba. Zipu inakwama, mutu anazimia, nani atasikia?

Wengine wanauliza juu gani watu wa Finland wanakaa ku digri 80 ao 90 na sisi tunaambiwa tuogope. Ni kwamba hewa yao ni kavu. Jasho linakauka ku ngozi na kuipoza. Mu hema ya mvuke hewa imejaa maji, jasho halikauki, linateremuka tu. Mwili hauna tena njia ya kujipoza. Kwa hiyo digri 45 ya mvuke inachosha mutu sana. Anza na dakika tano, ufike kumi, usipite kumi na tano. Kunywa maji vikombe viwili mbele na viwili nyuma. Usisimame kwa haraka, juu damu imeteremuka ku ngozi na kichwa kinabaki bure. Mutu aliyekunywa lutuku asiingie hata kama anaapa kwamba yuko muzuri. Wasiingie pia mama mwenye mimba, mutu wa moyo ao wa presha isiyotulia, muzee mwenye kuanguka-anguka, mugonjwa wa kifafa, na mutoto. Nimesema mutoto. Watoto tuwafungulie pua kwa maji ya chumvi kidogo yenye kupoa, tuwape maji mengi ya kunywa. Mafuta makali ya mukaliptusi yenye kuuzwa mu kachupa ni hatari kwao: mutoto akimeza kidogo tu anaweza kushikwa na degedege.

Na homa? Homa ni mwili wenye joto tayari. Kuufunika mvuke ni kuongeza kuni. Inchi yetu ni ya pili mu dunia yote kwa wingi wa malaria, nyuma ya Nigeria, na mutoto wa chini ya miaka mitano anaweza kufika ku hatari kwa siku moja. Kipimo cha tone la damu ku kidole kinatoa jibu mu dakika makumi mawili hivi. Kipimo mbele, majani nyuma.

Mutakumbuka mwaka 2020, wakati wa Covid-19. Kila lupango ilikuwa inatoa harufu ya mukaliptusi. Kwa jirani zetu wa Tanzania kujifukiza kulipata hata jina lake, "kupiga nyungu", na wakubwa wa inchi walikutia moyo. Mvuke ilifungua pua za watu, kweli, na iliwatuliza mioyo. Lakini virusi iko ndani ya chembe za mwili, na joto lenye kuweza kuiua pale litaua mutu mbele. Mu mwaka ule ule waganga wa lopitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, waliandika kwamba watoto wenye kuungua kwa kujifukiza waliongezeka mara nyingi kuliko miaka iliyotangulia. Hata kule penye majiko ya umeme na mabafu ndani ya nyumba, ilikuwa nyungu ile ile yenye kupinduka.

Sasa ninafika ku swali lako la pili, ndugu yangu, na naomba ulisome pamoja na mama yako.

Vumbi ya mine haitoki kwa mvuke. Hata kidogo. Mutu akipangusa jasho lake na kitambaa cheupe, kitambaa kinageuka rangi ya udongo, na watu wanasema: "Ona, vumbi inatoka mu kifua!" Ile ni vumbi ya ngozi. Iliingia mu matundu ya jasho, mu nywele, mu mikunjo ya shingo, na jasho imeiosha. Hakuna njia kutoka ku mapafu kwenda ku ngozi ya mugongo. Na mvuke yenye kuvutwa kwa pua inafika ku koo na ku njia kubwa za hewa. Inalainisha makohozi, mutu anakohoa na kujisikia vema saa moja. Vumbi ya jiwe ni nyembamba sana. Ile mbaya kabisa jicho haiioni. Inapita yote, inafika mu vifuko vidogo vya mwisho vya mapafu, na kule mwili unapigana nayo mupaka unatengeneza makovu. Ugonjwa wa vumbi yenye silika unaitwa silikosi. Unakuja polepole, mara nyingi kisha miaka kumi na zaidi ya kazi, na kovu la mapafu halifutike, sawa vile kovu la muguu wa mutoto wetu halikufutika.

Ninajua ni neno zito. Baba anaingia mu hema kila mangaribi kwa tumaini, na mimi ninamunyanganya tumaini lile. Lakini kuna lingine lililo bora. Mapafu yenye vumbi yanashikwa upesi na kifua kikuu, na kifua kikuu kinaponyeka. Kikohozi chenye kupita majuma mawili kinapaswa kupimwa makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure mu vituo vya serikali. Kwa kawaida matibabu ni miezi sita. Baba yako anakohoa tangu mvua zilizopita! Hesabu mwenyewe ni majuma ngapi. Na kama ni kifua kikuu, basi kila mangaribi anakohoa mu chumba kimoja na ninyi, na hema inapita kwa mwingine.

Baba asiingie tena mu mvuke mupaka apimwe. Joto linakaza pumzi ya mutu mwenye mapafu magumu, na kutoka jasho sana kunamukausha na kumudhoofisha. Mupeleke kituo cha afya. Atoe makohozi ya asubuhi, aombe radio ya kifua, na mbele ya yote aeleze kazi: alifanya ku mashini gani, miaka mingapi, vumbi ilikuwa namna gani. Waganga wengi hawaulizi kazi ya mutu. Ni kosa letu. Kama ana karatasi za kazi yake, azibebe.

Na wewe kijana, kama umefuata njia ya baba yako ao unachimba kwa mikono pamoja na wenzako: mwagia jiwe maji mbele ya kulivunja, vaa maski yenye kushikamana na uso, si kitambaa tu, na nguo za kazi uzivue mbele ya kuingia nyumbani. Ziloweshwe mu maji kisha zifuliwe, zisikung'utwe mu lupango mbele ya watoto. Pale njo pahali pa kupigana na vumbi. Kisha kuingia mu mapafu, tumechelewa.

Niliahidi kusema juu ya kutunza. Ile hema inaharibika kwa uvivu wa dakika kumi. Watu wanatoka, wanasikia usingizi mutamu, wanaikunja ingali na maji, na kisha juma moja inanuka sawa kiatu cha mutu wa goli. Zile alama nyeusi ni kuvu, na kuvu ikipashwa moto inaingia mu pumzi. Igeuze ndani-inje, pangusa na kitambaa chenye sabuni kidogo, kausha ku kivuli penye upepo mupaka ku mishono yote. Kitambaa cha kiti kifuliwe kila mara. Bulangeti ya nkambo ni rahisi zaidi: jua na kamba. Mu nyungu ya umeme mwaga maji yote yenye kubaki. Maji ya visima vyetu vingi yanapita mu majiwe yenye chokaa. Ndiyo maana nyungu zinavaa ganda jeupe. Ganda lile linafanya chuma kipate moto sana na kukatika. Kila majuma mawili tia maji na siki kidogo ao maji ya malimau mawili, uache usiku moja, mwaga, suuza mara mbili. Usikwangue na kisu. Mupira uuangalie ku mwangaza: ukiona ufa, badilisha, usifunge na skochi.

Kulipisha majirani? Mimi nitakubali kama ni kwa kupumuzisha mwili, sawa mutu anavyolipa kinyozi. Kila mutu alete shuka lake, kiti kipanguswe, hema ipate hewa nusu saa mbele ya mwingine, na mwenye kukohoa ao mwenye homa murudishe kwa upole. Lakini usiandike ku kibao cha mulango "Inatosha vumbi ya mine". Watakuja wengi, ninajua, wenye kulipa hata kuliko wengine, na kila mmoja wao atachelewa kwenda kupimwa juu yako.

Mu barua yako ya kesho uniambie makohozi yalijibu nini. Lundi asubuhi mapema ni vema, mistari inakuwa mirefu kisha saa mbili.